Mbwa wako si mkaidi: upande wa Karafuu

Ndugu uliyeuliza kutoka Arusha, nimeisoma shida yako mara mbili. Umemjengea mbwa wako uwanja mdogo wa agility, yaani mchezo wa mbwa kupita vikwazo kwa kasi akiongozwa na mwenyewe, nyuma ya nyumba: viunzi vya mabomba ya plastiki, handaki, na ule ubao unaopandwa upande mmoja ukashukia upande wa pili, kama bembea ya ubao ya watoto. Viunzi anaruka, handaki anaingia bila kuambiwa, ila akifika kwenye ubao anaganda, na ukimvuta kamba anajilaza. Unauliza kama ni ukaidi, na kama umchape kidogo.

Tafadhali usimchape. Nilipoteza karibu mwaka mzima nikiamini hivyo hivyo kuhusu mbwa wangu, na mwaka ule unaniuma mpaka leo.

Mimi ni mtu wa Moshi. Kwetu mbwa alilala bandani mchana, usiku akafunguliwa alinde, asubuhi akapewa ugali uliobaki. Hakuna aliyeuliza mbwa anaona nini. Sasa naishi kaskazini mwa Uingereza, na Karafuu nilimchukua kwenye kituo cha mbwa waliotelekezwa akiwa na umri wa kama mwaka mmoja. Mama yake alikuwa koli wa kuchunga kondoo. Nilichokuja kukielewa nakiandika kwa sauti yake, kwa sababu kwa sauti yangu nimekieleza vibaya mara nyingi.

Macho yangu yako chini ya kiuno chako. Ulinipima begani ukapata sentimita 47, lakini hukuwahi kupiga magoti utazame uwanja kutoka hapo. Kwangu mimi uwanja ni nyasi, miguu yako, na vitu vinavyochomoza ghafla. Kile kiunzi chenye fito nyekundu juu ya majani mabichi mimi nakiona kama kijiti cha rangi ya udongo juu ya udongo. Chenye buluu na nyeupe nakiona tangu mbali. Fito nyekundu niliziangusha mara nyingi, ukasema siko makini.

Unasema sana pia. Handaki! Handaki! Nakusikia, lakini miguu yako imeshaniambia kabla ya mdomo. Nikiwa mbioni nakutazama kwa pembe ya jicho: ncha za viatu vyako zimeelekea wapi, bega limegeuka lini, unaongeza mwendo au unapunguza. Siku ile ya mashindano daraja, ule ubao wa juu usiosogea, lilikuwa limekaa karibu sana na mdomo wa handaki. Mdomo wako ulitaja daraja. Bega lako lilitazama handaki. Nikaingia handakini kwa furaha yote niliyokuwa nayo, nikatokea upande wa pili nikikutafuta, nikakuta umejishika kichwa. Mwamuzi alikuwa ameshatoa ishara kwamba tumetolewa. Mimi nilijua nimefanya vizuri. Jioni ile hukunirushia mpira.

(Hapa naingilia kidogo. Mchezo huu ulianzia London mwaka 1978, kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, pale John Varley na Peter Meanwell walipotafuta cha kuwaburudisha watazamaji kati ya shughuli moja na nyingine. Waliiga farasi wa kuruka viunzi. Lakini mpanda farasi ana hatamu mkononi na magoti ubavuni mwa mnyama. Mbwa wetu anakimbia bila kamba, nasi haturuhusiwi kumgusa. Hatamu tuliyonayo ni mwili wetu, na mimi nilikuwa naivuta huku nikitazama kwingine.)

Sasa ule ubao. Nilikuwa nimeshajua daraja: unapanda, unakwenda, unashuka, halisogei. Ubao huu ulikuwa na upana uleule na harufu ileile ya raba. Nikaupanda kwa kuuamini. Nilipopita katikati, ardhi ikaniondokea chini ya kucha. Nikasikia kishindo chini yangu, tumbo likanipanda kifuani. Niliruka kando. Wewe ukanishika ukosi ukanirudisha juu. Siku hiyo nilijifunza mambo mawili: kwamba kitu kile kinapiga kelele, na kwamba nikiwa karibu nacho nawe unanishika nisiweze kukimbia. La pili ndilo lililokuwa baya zaidi.

Kisha ukanivuta wiki nne. Kila jioni nilipoona unachukua ile kamba ya kijani nililamba midomo na kupiga miayo. Ulidhani nina usingizi.

Siku iliyobadilisha mambo hukuvaa viatu vya mazoezi. Ulichukua godoro kuukuu ukalisukuma chini ya ncha ya ubao, ukaketi kwenye nyasi na vipande vya kuku kiganjani. Hukuniita. Nilizunguka mbali, nikanusa, nikaenda zangu, nikarudi. Nikaweka mguu mmoja kwenye ncha. Ikashuka kama upana wa vidole viwili, ikagota godoro bila sauti. Ukanipa kuku. Nikaweka tena. Jioni ya tatu nilikuwa nauangusha ule ubao kwa miguu yote miwili nikikutazama usoni. Siku uliyoondoa godoro, ubao ulilia paa! na mimi ndiye niliyeufanya ulie. Nikaufanya ulie tena.

Mpaka hapo ndipo alipofika Karafuu. Yaliyobaki ni ya kwako wewe na msumeno wako.

Funga kamba yako kabatini kwa sasa. Shusha mhimili wa katikati kadiri unavyoweza, weka godoro au matairi mawili chini ya kila ncha, na mwache aushushe ubao yeye, mguu mmoja kwa mara moja. Chakula apewe pale pale kwenye ncha iliyoshuka, si baada ya kuondoka. Dakika tano zinatosha, kisha mcheze kitu kingine. Ongeza kimo pale tu anapoukimbilia mwenyewe. Mashindanoni anatakiwa akanyage sehemu ya njano anapopanda na anaposhuka, na asiondoke kabla ubao haujagusa chini. Kila kosa ni pointi 5 za adhabu. Mbwa aliyefundishwa kula akiwa kwenye ncha hatahitaji kukumbushwa hayo.

Kuhusu vijiti vya kupenya, vile vinavyosimamishwa kwa mstari mbwa apite katikati yake akipindapinda, umeweka vyote kumi na viwili kwa mara moja. Ni vingi mno kwa anayeanza. Anza na viwili, sentimita 60 kutoka kimoja hadi kingine, na umtuze kila anapoingia kijiti cha kwanza kikiwa kushoto kwake. Hiyo ndiyo kanuni popote atakapokwenda, na mlango ule ukishamkaa mwilini, vingine vinafuata.

Umesema ana miezi tisa. Hapo nakuomba sana. Mifupa yake bado inakua, na hapa Uingereza mbwa haruhusiwi kushindana kabla ya miezi 18. Fito zako ziweke chini kabisa, usawa wa kifundo cha mguu wake, mpaka akomae. Ubao wa chini hauna shida. Kuruka kimo kikubwa kila siku ndiko kutakakomharibu, na madhara yake hutayaona mpaka awe mbwa mzima.

Tairi lile ulilolining'iniza kwenye mti liondoe. Mbwa akilikosea shabaha kwa kasi anaumia shingo au mgongo; ya mashindano siku hizi hutengenezwa yaachane yanapogongwa. Na fanyeni mazoezi alfajiri, umande ukiwepo. Mbwa hapoi kwa jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema, kwa hiyo ukiona ulimi umepanuka na kulegea, simamisha hata kama alikuwa anakaribia kufaulu.

Kabla ya jaribio lako lijalo, piga magoti mwanzoni mwa uwanja wako, macho yako yawe usawa wa macho yake, utazame ule ubao kutoka hapo. Mimi nilifanya hivyo kwenye mvua, majirani wakiangalia. Kisha niandikie hapa urefu wa ubao, kimo cha mhimili, na urefu wa mbwa wako begani, nikwambie uanzie wapi.