Kuna Anayepanda Chini?

Msomaji anayesoma kemia chuoni ananiuliza: mmumunyo "unafyonza" mwanga au "unanyonya"? Ameniwekea na sentensi kutoka ripoti yake ya maabara: "Mkunjo wa permanganeti ya potasi unapanda juu hadi kilele cha juu kwenye nanomita 525, kisha unashuka chini, kwa hiyo mmumunyo unanyonya rangi ya zambarau." Mkunjo huo ni mstari wa grafu unaoonyesha mwanga unaofyonzwa kwa kila urefu wa wimbi, yaani kwa kila rangi, na urefu huo wa wimbi hupimwa kwa nanomita.

Unafyonza. Ukipenda, unasharabu, neno la Kiarabu lenye undugu na sharubati. Kunyonya tumwachie mtoto. Unyonyaji nao ulishapigwa vita na Azimio la Arusha mwaka 1967, na sikumbuki mwanga kutajwa.

Lakini hiyo "unapanda juu", ndugu yangu! Nani alikuonyesha kitu kinachopanda chini? Ninachokijua mimi hupandwa chini ni mahindi. Konda akifoka "shuka chini!" namsamehe, mlango uko wazi na abiria ana magunia mawili. Wewe ulikuwa umekaa mbele ya spektrofotomita, mashine ya kupima mwanga unaofyonzwa, kimya, kalamu mkononi. Nani alikuharakisha?

Na "kilele cha juu"? Kilele cha chini tukiiteje, bonde? Hapo nalegeza kamba kidogo, maana permanganeti ina vilele pacha, kimoja karibu na nanomita 525, kingine karibu na 545, na ni haki kumtaja aliyemzidi mwenzake. Basi sema "kilele kirefu zaidi", kama Kibo kwa Mawenzi, ingawa pacha hawa wamepishana kidogo tu.

Zambarau sasa. Mmumunyo unauona wa zambarau kwa sababu zambarau haikufyonzwa. Nanomita 525 ni kijani. Kijani ndicho kilichonaswa ndani ya kuveti, kile kichupa cha kuwekea mmumunyo. Nyekundu na buluu zikapenya, zikakufikia machoni pamoja. Kilicholiwa hukikuti tena sahanini.

Andika hivi: "Mkunjo unapanda, unafika kileleni kwenye nanomita 525, kisha unashuka; mwanga unaofyonzwa zaidi ni wa kijani." Nafasi uliyookoa itumie kutaja ukolezi wa mmumunyo na upana wa kuveti. Hukuvitaja, na bila hivyo viwili urefu wa kilele chako hauniambii kitu.