Kuendesha Fred Whitton na rafiki aliyekuzidi kasi

Ndugu, nimekuelewa: wewe na rafiki yako mmejiandikisha kwa Fred Whitton Challenge, safari ndefu ya baiskeli ya siku moja katika milima ya Lake District, Uingereza, yeye amekuzidi kasi, nawe unahofia kumchelewesha au kujiumiza ukijaribu kumfuata. Kubalianeni mapema kwamba kila mmoja atapanda milima kwa mwendo wake, kisha mkutane kwenye vituo vya chakula, kwani anayejilazimisha kufuata kasi ya mwenzake kwenye milima ya mapema kama Kirkstone na Honister hulipia baadaye.

Jambo zito zaidi ni mlima wa Hardknott. Njia nzima ina takriban kilomita 180, na mlima huu, ambao mwinuko wake hufikia asilimia 33, huja baada ya kilomita 150, wakati miguu imekwisha kuchoka. Kwa hiyo badilisha gia sasa: idadi ya meno ya gia ndogo ya mbele isizidi ile ya gia kubwa kabisa ya nyuma. Ukishindwa, shuka usukume baiskeli. Wengi hufanya hivyo, na sioni aibu yoyote ndani yake.

Mimi huogopa zaidi miteremko, hasa lami ikiwa imelowa. Fundi akukagulie breki, punguza kasi kabla ya kuingia kona, wala msifuatane kwa karibu.

Iwapo una shinikizo la damu, au umewahi kupata maumivu ya kifua au kizunguzungu unapojitahidi, muone daktari kabla ya kuendelea na mazoezi, na umweleze rafiki yako pia.