Fulana za Krismasi: usiivute, iache ilale

Juzi usiku nimepokea ujumbe wa msomaji mmoja wa Dodoma. Kapokea zamu yake ya mchezo wa kuchangishana pesa, kanunua mashine ndogo ya kudarizi, akaanza kuwatengenezea wanawe na wajomba zao fulana za Krismasi. Sita za kwanza zote zimekunjamana kifuani. Ananiuliza, dada, kosa ni la mashine? Niliusoma nikiwa kitandani na usingizi ukaruka, maana fulana hizo nazijua. Nilizibeba mwenyewe kwenye begi kutoka Dar es Salaam mpaka Marangu, Krismasi ya mwaka juzi.

Wachaga wenzangu mnajua maana ya kurudi nyumbani Desemba. Ukoo mzima unakusanyika kihambani, kwenye shamba la ukoo, watoto wanaonana na binamu zao, mbuzi anachinjwa, na kila aliyetoka mjini anaangaliwa kaja na nini. Nilitaka kuja na kitu kilichotoka mikononi mwangu. Fulana 14 nyeupe za pamba, kila moja na Mlima Kilimanjaro kifuani: theluji juu, msitu chini, jina la ukoo hapo chini yake. Mchoro niliununua mtandaoni, mishono zaidi ya 20,000, umejaa uzi kona zote.

Mimi nilikuwa mzoefu wa vitenge na vitambaa vya meza, na kazi yangu ilisifiwa. Kwa hiyo fulana nikaifunga kwenye fremu ya kudarizia vilevile ninavyofunga kitenge. Nikakaza skrubu, nikavuta huku na huku mpaka kitambaa kikawamba kama ngozi ya ngoma. Chini nikaweka gamu, lile tabaka la kushikilia kitambaa kisivutike, tena ya karatasi, ile unayoichana ukimaliza. Mashine ikatembea karibu saa nzima. Ndani ya fremu mlima ulipendeza kweli kweli. Nilipolegeza skrubu, kitambaa kikarudi kwenye upana wake na uzi ukabaki ulipo. Mlima wote ukazungukwa na mikunjo, kama mdomo wa mfuko uliokazwa kamba.

Nikajiambia pasi itanyoosha. Nikapiga pasi, nikaendelea na ya pili, ya tatu, mpaka ya 14, usiku baada ya usiku, baada ya kazi, watoto wamelala.

Siku yenyewe wifi yangu mmoja aliinua ya kwake mbele ya watu wote, akaigeuza mbele na nyuma, akasema, "Wifi, si bora ungenunua tu Kariakoo?" Watu wakacheka. Bibi hakucheka, alivaa yake palepale juu ya gauni. Pasaka niliporudi nikaikuta mojawapo jikoni, inashikiwa sufuria. Kuna tundu katikati ya theluji, na tundu lile limeachia mpaka chini. Naandika haya leo na bado kifua kinabana. Zawadi ya mkono ni usiku wako umempa mtu, na anayeicheka hajui alichokishika.

Miezi iliyofuata sina la kuisimulia. Nilifumua, nikarudia, nikaharibu. Aliyenifungua macho ni mzee mmoja fundi wa sare za shule. Alichukua kipande cha fulana, akakinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akakivuta taratibu karibu na macho yangu. Nikaona kitambaa kinafunguka kama wavu. "Mwanangu," akasema, "kitenge ni nyuzi zinapishana. Fulana ni vitanzi vimeshikana mikono. Ukivuta kimoja, wote wanakufuata. Na ukikata kimoja, wote wanaanguka." Yale matundu ya theluji nikayaelewa siku ile: nilikuwa nadarizi kwa sindano yenye ncha kali, na kila ilipokata kitanzi, sabuni na maji vikamalizia kazi.

Kwa hiyo, dada wa Dodoma, la kwanza na la mwisho ni hili: fulana haivutwi. Usiifunge kwenye fremu kabisa. Funga gamu peke yake, hiyo ikaze unavyotaka, kisha puliza gundi ya kushikiza kwa muda na uilaze fulana juu yake. Ilaze kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia, isawazishe kwa kiganja, usiiburute. Halafu piga bandi, ile mishono mirefu ya muda, kuzunguka sehemu ya mchoro, kwa mashine au kwa mkono, ili isitembee. Gundi ipulizie mbali na mashine, ikiingia kwenye bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, utajuta.

Gamu iwe ya kukata kwa mkasi, ile laini kama kitambaa, inayobaki nyuma ya mchoro siku zote. Ya kuchana kwa mkono haifai hapa. Sindano imeshaitoboatoboa, ukiichana imekwisha, na fulana inabaki inavutika kila ikivaliwa na kila ikifuliwa huku mishono haina cha kuishikilia. Ukiwadarizia watoto wachanga, bandika kwa pasi kitambaa chepesi kufunika mgongo wa mchoro, maana ncha za uzi zinawasha.

Sindano ni ile ya fulana, yenye ncha ya mviringo inayosukuma vitanzi pembeni badala ya kuvikata. Namba 75/11 kwa uzi wa kawaida wa kudarizi, namba 40. Fulana ifuliwe kabla. Pamba ikifuliwa inarudi, yaani inasinyaa, na uzi wa poliesta haurudi, kwa hiyo usipoifua mapema, mikunjo itakuja yenyewe baada ya Krismasi hata kama umelaza vizuri namna gani. Fulana za ukosi zenye vinundu zinahitaji pia plastiki nyembamba inayoyeyuka kwenye maji, uitandaze juu, uzi usizame.

Na mchoro uwe mwepesi. Hapa ndipo wengi tunapokosea, kwa kiburi. Tunataka mlima mzima, na jina, na mwaka, na nyota, kwenye kitambaa chembamba cha shilingi elfu chache. Fulana haiwezi kubeba ukuta wa uzi. Tuache tamaa hiyo, jamani. Tuache pia haraka ya kuanza fulana 14 tarehe 20 Desemba kabla hata moja haijajaribiwa na kufuliwa. Anayempenda mtu anamwandalia mapema. Na narudia, usiivute.

Mwaka jana nilianza Septemba. Niliacha mlima, nikachagua jani la isale, lile tunalopanda mipakani mwa vihamba, lile anayeomba msamaha analolipeleka kwa aliyemkosea. Mistari mitupu ya kijani na mshipa mmoja katikati, mishono chini ya 4,000. Mashine inaweza kukimbia mishono 650 kwa dakika, nikaishusha mpaka 400. Kila fulana nilikaa nayo, nikiishika ukingo isilemee fremu kwa uzito wake.

Bibi alipofungua yake hakusema neno. Alipitisha kidole gumba juu ya jani, polepole, kutoka kwenye shina mpaka kwenye ncha, akarudia. Akaingiza mkono ndani akapapasa mgongo wake. Kisha akamwita jirani kwa Kichaga aje aone kazi ya mjukuu wake. Wifi aliivaa siku tatu mfululizo. Ya mwaka juzi hakuyagusia, na mimi sikumkumbusha, ila nilimwona akiifua kwa mkono, kwenye beseni la peke yake.

Basi dada yangu, mashine yako ni nzima. Zile sita usizitupe. Migongo yake bado ni mizima, ikate vipande viwe vya majaribio, na kila kipande ukidarizi ukifue mara tatu kabla hujaamini. Wajomba wawekee jani au herufi moja tu kifuani upande wa kushoto, isiwe chini ya milimita 10 kwa urefu. Anza na fulana ya mwanao mdogo. Picha ya kwanza nitumie baada ya kuifua, sio kabla.