Siku ya Kwanza Kupanda Miamba Dodoma: Usitafute pa Kushika

Mtu akisimama chini ya jabali la Dodoma kwa mara ya kwanza, hutafuta pa kushika. Huinua mikono, hupapasa, hakuti kitu, akakata tamaa kabla hajaanza. Granaiti yetu, au itale kama vitabu vinavyoiita, haina vishikio vingi. Ina mlalo, na ina chembe ngumu zinazokwaruza kama msasa. Jiwe la namna hii hupandwa kwa miguu. Mikono ni ya kuweka mizani tu.

Msimu kwanza. Mvua za hapa huanza kati ya Novemba na Desemba na kukoma Aprili, kwa hiyo panga siku yako kati ya Mei na Oktoba. Ile mistari myeusi inayoshuka kwenye miamba ni njia za maji. Ikikauka, mguu unashika vizuri tu. Ikilowa, inateleza kama sabuni. Ondokeni saa 12 asubuhi, saa 1 muwe mmefika. Asubuhi panda upande unaotazama magharibi, maana ndio wenye kivuli, na jioni geuzeni. Kuanzia saa 5 hadi saa 9 jua likipiga, jiwe huwaka, vidole hutoa jasho na soli hulainika. Muda huo ni wa kula na kulala chini ya mbuyu. Maji beba lita 4 kwa mtu. Chakula chochote kisichokulemea kinatosha: viazi vitamu, ndizi, karanga.

Kuhusu mahali: kiongozi awe ameomba ruhusa kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji. Vipo vilima vya matambiko, na vipo vyenye minara na walinzi. Na kama safari inaelekea Kondoa, miamba yenye michoro ya kale ya Kolo haipandwi wala haiguswi. Iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na alama moja ya chaki pale ni uharibifu.

Wengi huuliza kuhusu nyoka. Sisi tunaogopa zaidi nyuki. Hukaa kwenye nyufa, na mtu aliyening'inia kwenye kamba hawezi kukimbia. Kuwakagua alfajiri hakusaidii kwa sababu kukiwa na baridi hawaruki. Kiongozi mzuri hupita siku moja kabla, mchana, akaangalia wanakoingia na kutokea. Muulize kama amefanya hivyo. Wewe usijipake manukato siku hiyo. Ukisikia mvumo ndani ya ufa, usipige kelele wala usipungie mkono: omba kushushwa, taratibu, kisha wote mwondoke pale.

Sasa vifaa. Mwanafunzi hupanda kwa kamba ya juu: kamba inatoka kwa anayeishika chini, inapita kwenye nanga, yaani vifungo imara vilivyowekwa kileleni, inarudi kwako. Kwa kuwa inakwenda na kurudi, kamba ya mita 60 haifai kwa mwamba unaozidi mita 28 hivi, na kwa siku ya kwanza mita 10 hadi 15 zinatosha kabisa. Kamba iwe ile inayovutika, iliyotengenezwa kwa kupanda, unene wa milimita 10 hivi. Ya katani au ya kufungia mizigo kwenye lori haivutiki. Ukidondoka, mshtuko wote unaishia kwenye nyonga zako. Muombe kiongozi akuonyeshe nanga. Unatakiwa kuona sehemu mbili zinazojitegemea, ili moja ikifa nyingine ibaki, na kamba ipite ndani ya karabina, yaani pete zinazofunguka, za chuma na zenye kufuli. Kamba ikipita moja kwa moja juu ya utepe wa nailoni, msuguano huuyeyusha utepe huo.

Mkanda wa kupandia, ule wa kiunoni wenye vitanzi vya mapajani, ukae juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni, na ukazwe kiasi kwamba hauwezi kuuvuta ukashuka. Kofia ngumu iwe imekaa usawa, isirudi kisogoni. Mwenye hijabu au rasta avikusanye ndani au nyuma, mbali na kamba. Vua pete. Viatu vya kupandia hubana hadi vidole viguse mbele, ndiyo maana huvaliwa bila soksi na kuvuliwa kila unaposhuka. Vikikosekana, raba nyepesi ya soli bapa ni afadhali kuliko buti nene, kwa sababu unahitaji kulihisi jiwe.

Fundo ni la nane, na ujifunge mwenyewe. Kama mita 1 kutoka kwenye ncha ya kamba, piga umbo la nane. Pitisha ncha kwenye vitanzi viwili vya mbele ya mkanda, cha mapajani na cha kiunoni, kutoka chini kwenda juu. Kisha ncha irudi kuifuata ile nane ya kwanza, bega kwa bega, mpaka itokee ilikoanzia. Kaza kila uzi peke yake. Ukihesabu, uone jozi tano za mistari miwili-miwili, na mkia wa sentimita 15 au zaidi. Makosa ni yaleyale kila mara: ncha imepita kitanzi kimoja tu, au imefungwa kwenye kile kitanzi chembamba cha pembeni ambacho kazi yake ni kuning'iniza vifaa, wala hakikuundwa kubeba mtu. Kosa baya kuliko yote huletwa na maongezi: mtu anafika katikati ya fundo, anaitwa, anajibu, anapanda. Anayefunga fundo asisemeshwe. Akimaliza, mshika kamba akague fundo lake, naye akague breki ya mshika kamba, kile kifaa cha kuzuia kamba, kama kamba imeingia sawa na karabina imefungwa. (Hapa ndipo neno “mshikaji” linapopata maana yake kamili.)

Ukipewa zamu ya kushika kamba, mkono wa breki hauachii kamba hata nzi akikutua puani. Vuta, shusha mkono chini ya breki, mkono wa pili ushike chini ya ule wa kwanza, ndipo wa kwanza usogee. Nyuma yako asimame mtu wa pili ameshika kamba hiyohiyo. Mpandaji akikuzidi sana uzito, ufungwe kwenye mti au jiwe zito, la sivyo akidondoka wewe ndiye utakayepaa. Ncha ya kamba iliyobaki chini ipigwe fundo, isije ikachomoka kwenye breki wakati wa kumshusha mtu.

Maneno mkubaliane mkiwa chini. Upepo wa Dodoma hula mwisho wa neno, kwa hiyo “nishike” na “nishushe” zikifika chini ni kitu kimoja. Tumia “kaza” ukitaka kuegemea kamba, “legeza” ukitaka nafasi, na “teremsha” ukimaliza. “Jiwe!” hupigwa kwa sauti kubwa hata kikianguka kikokoto, na anayesikia hatazami juu.

Kabla ya kukanyaga jiwe, futa mchanga kwenye soli. Mita 3 za kwanza panda kwa uangalifu mkubwa: kamba ndefu huvutika, na ukiteleza pale unaweza kufika chini ingawa umekamatwa. Hatua ziwe fupi. Tazama mguu mpaka utue, weka kisigino chini, kisha hamishia uzito wote pale bila kusitasita. Hofu hukusukuma ulikumbatie jiwe, na hapo ndipo miguu inapoteleza, kwa sababu uzito unaisukuma soli nje badala ya kuikandamiza. Toa makalio nje, simama juu ya miguu yako. Bapa la jiwe linalolia tupu ukiligonga, liache. Joto la mchana na baridi ya usiku huyabandua mawe haya kama maganda ya kitunguu.

Kushuka huwashinda wengi kuliko kupanda. Sema “kaza”, subiri uhisi kamba imekubeba, sema “teremsha”, kisha keti kama kwenye kiti, miguu imenyooka na imetanuka upana wa mabega, utembee kinyumenyume. Anayeng'ang'ania kamba akiwa wima, nyayo humtoka na uso hukutana na jiwe.

Jioni kamba ikivutwa, lile fundo la mwishoni lifunguliwe kwanza ili isinase kwenye nanga, na kila mtu asogee pembeni. Kamba ikianguka hushuka na vijiwe vyake, kwa hiyo kofia huvuliwa baada ya hapo.