Maji yanakula bando: kwa aliyeuliza kuhusu kupiga video za mawimbi Matema

Mkuu, uzi wako nimeusoma mara mbili. Umesema una simu ya kawaida, umeonyeshwa kamera ndogo ya GoPro ya mtumba pale sokoni Mwanjelwa, unataka kuwapiga video vijana wa Matema, kwenye Ziwa Nyasa, wanaoteleza kwenye mawimbi kwa mbao, na unauliza kama usubiri kwanza upate kamera kubwa kwa sababu "siku hizi bila HD hakuna anayeangalia". Waliotangulia wamekutajia kamera tu. Mimi naanzia kwingine, maana kosa la kusubiri kamera nimelifanya mwenyewe, na likanilia misimu miwili ya mwera, ule upepo wa kusini unaoleta mawimbi.

Mimi ni mpiga video wa harusi na sendoff hapa Mbeya tangu 2008. Nilianza na kanda ndogo za MiniDV. Kanda ya saa moja ukiimwagia kwenye kompyuta inachukua GB 13 hivi, unahariri, unamkabidhi bwana harusi DVD yenye ganda la picha yake, mmemalizana. Mtandao haukuwa kwenye hesabu zetu. Mwaka 2011 nilijaribu kupandisha kipande cha dakika nne YouTube. Nikalipia usiku mzima kwenye intaneti kafe, asubuhi nakuta kimegota njiani. Mkongo wa SEACOM, ule waya wa intaneti wa chini ya bahari, ulishatia nanga Dar tangu Julai 2009, lakini kutoka Dar hadi meza ile palikuwa na safari yake.

Matema nilifika kwa sababu ya sendoff ya Kyela. Ilikuwa Juni, mwera umechachamaa. Wasioijua Nyasa wanadhani ziwa ni maji yaliyotulia. Ziwa lile lina urefu wa zaidi ya kilomita 500, na mwera unavuma kutoka kusini ukiyasukuma maji urefu wote huo, hadi yanakuja kujibwaga huku kwetu, kaskazini. Si mawimbi ya bahari. Ya bahari huzaliwa na dhoruba za mbali, yanafika yamejipanga, kati ya moja na jingine unaweza kuvuta pumzi mara kadhaa. Ya Nyasa yamebanana; hujamalizana na hili, lile limeshakupiga kisogoni. Na bado wale watoto walikuwa juu yake, na vipande vya mbao vya maboti yaliyokufa, wengine kwa tumbo, mmoja kasimama kabisa kama konda wa Hiace.

Nikapiga. Nyumbani naangalia, naona ugali. Mtoto ni nukta nyeusi kwenye ugali. Nikasema tatizo ni kamera, na kwa hesabu ya pikseli sikukosea: picha ya MiniDV ni 720 kwa 576, ya HD kamili ni 1920 kwa 1080, mara tano zaidi. Nikajichanga misimu miwili, nikanunua ya HD, nikarudi. Kwenye kioo cha kamera, raha tupu, unahesabu matone. Nikapandisha. Kwenye simu ya mke wangu povu limegeuka vigae vya bafuni. Vimraba vimraba. Ugali ule ule, ila sasa umekatwa kwa kisu.

Hapa ndipo penye jibu lako, kwa hiyo nitakaa kidogo. Video ya mtandaoni haihifadhi kila picha nzima nzima. Inahifadhi picha moja, halafu zinazofuata inaandika kilichobadilika tu, kama karani wa duka asiyehesabu stoo yote kila jioni bali anaandika kilichotoka na kilichoingia. Ukumbini karani huyo anastarehe: ukuta haujasogea, pazia halijasogea, anaandika MC na bibi harusi. Mpeleke ufukweni wakati wa mwera uone. Kila punje ya povu imehama, kila mng'ao umehama, hakuna kilichobaki pale kilipokuwa. Na nafasi ya kuandika aliyopewa ni ile ile ya harusi. Anafanya nini? Anafupisha. Vile vimraba ni karani aliyezidiwa. Ndiyo maana naambia watu maji yanakula bando kuliko sherehe, na neno HD peke yake halisemi chochote juu ya maji.

Kwa vipimo: YouTube wenyewe wanapendekeza video ya 1080 ya kasi ya kawaida uipandishe kwa megabiti 8 kwa sekunde. Hiyo ni MB 60 kwa dakika, klipu ya dakika tatu ni MB 180. Ukitaka 4K, andaa karibu MB 300 kwa dakika moja. Halafu wao wanaibana tena kabla ya kumpa mtazamaji. Na mtazamaji wetu mwenyewe, yule wa Tukuyu mwenye bando la wiki, amepunguza ubora wa picha hadi 360 ili liishe taratibu. Wewe unaumiza kichwa kuhusu 4K, yeye anakuangalia kwa 360 ndani ya daladala.

Kwa hiyo kazi yako ni kumpunguzia karani mzigo. Tumia stendi, au hata ubebe ndoo ya mchanga uegeshe kamera, kwa sababu kamera ikitulia, Milima ya Livingstone kule nyuma inatulia nayo, na nusu ya picha inakuwa bure. Sogea karibu na mtelezaji, usipige ziwa zima. Piga picha 60 kwa sekunde kisha uipunguze mwendo: picha zinafuatana zikifanana zaidi, na pia unaona goti linavyokunjwa. Piga asubuhi. Jua linachelewa kuvuka ile milima, lakini likishavuka linakuwa upande wako. Mchana ukigeuka, mng'ao juu ya maji unakuwa kama sarafu elfu zinazorushwa, na hakuna mtandao utakaoubeba. Ukimaliza kuhariri, toa faili la 1440 hata kama ulipiga 1080, kwa sababu YouTube huzipa video za ukubwa huo ubanaji bora zaidi. Pandisha kwa bando la usiku. Asubuhi, kabla hujamtumia mtu, iangalie kwa 360 kwenye simu mbovu kuliko zote nyumbani. Kama mtoto haonekani amepanda wimbi, kata tena.

GoPro uliyoonyeshwa si mbaya, na imezaliwa huko huko mawimbini. Nick Woodman aliyeianzisha mwaka 2002 ni mtelezaji wa mawimbi. Ya kwanza, ya 2004, ilitumia filamu, ya HD ikatoka 2009, mwaka ule ule YouTube walipoanza kupokea 1080. Vimeo walishatangulia na HD yao ya 720 mwaka 2007. Kwa wenzetu hapo ndipo mambo yalipopinduka. Zamani filamu ya mawimbi ilikuwa msafara. Huko Marekani, Bud Browne, aliyekuwa mwalimu, alionyesha ya kwake ya kwanza mwaka 1953 kwenye ukumbi wa shule pale Santa Monica, kiingilio senti 65, na maelezo akayatoa mwenyewe kwa mdomo filamu ikiendelea. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu. Si ni kibanda cha video hicho? Si ndiyo kazi ya akina Lufufu, kusimama kando ya skrini na kuwatafsiria watu kwa mbwembwe zako? Baadaye zikaja VHS, zikaja DVD, na sasa anayepiga asubuhi anaonwa kabla ya chakula cha mchana, na mashindano makubwa yenyewe yanarushwa mubashara mtandaoni. Kilichopotea ni ukumbi.

Nami nikaurudisha kidogo. Mwaka juzi nilibeba laptopu, nikamwomba mwenye kibanda cha video pale Matema anipe saa moja kabla ya mpira. Nikaunganisha kwenye runinga yake moja kwa moja, bila mtandao, bila kubanwa na mtu. Ile ndiyo HD, mkuu. Watoto wakajiona. Nilikuwa nimepanga muziki mzuri, hakuna aliyeusikia, maana walianza kutangaza wenyewe: "Huyo anakuja, huyo, anajifanya bingwa, haya, kaliwa!" Walikuwa wanashangilia maanguko. Aliyepanda wimbi hadi mchangani walimpigia makofi mawili matatu, aliyebinuka kichwa chini miguu juu, kibanda kizima "rudisha! rudisha!" Mimi kwenye uhariri maanguko yote nilikuwa nimeyatupa, nikibakiza yaliyonyooka kama wafanyavyo wazungu. Usiku ule nikayarudisha, na sauti zao nikazirekodi kwa simu nikazilaza juu ya picha. Hadi leo ndiyo klipu yangu inayotazamwa hadi mwisho. Mzee mmoja aliyekaa mlangoni aliniambia "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, halafu akauliza ile mbao niliyoionyesha ni ya boti la nani.

Sasa upande wa kusambaza. Kuna wimbi kule Namibia, Skeleton Bay, ambalo msomaji wa jarida la Surfing aliliona kwenye Google Earth. Mwaka 2008 wakatumwa watelezaji, video ikarushwa mtandaoni, na pwani ya jangwa isiyo na mtu ikaanza kupokea wageni kutoka kila kona. Matema haitafika huko, mawimbi yenyewe hayana ubora huo. Lakini nimeonja kidogo: kampuni moja ya utalii, siitaji, iliichukua klipu yangu, ikakata jina langu pembeni, ikaitumia kama tangazo lake. Picha safi inaibika kirahisi kuliko ugali. Nilipowaandikia walinijibu kwamba "ilikuwa mtandaoni". Tangu hapo alama yangu naiweka katikati, hafifu, mahali ambapo ukiikata unamkata na mtoto. Na wazazi naongea nao kabla, si baada. Mtoto anayeonekana uso hadi chunusi si sawa na nukta nyeusi ya 2013.

Mengine haraka haraka. Video ya kusimama ya TikTok inafaa kwa sura na vicheko, wimbi lenyewe linataka upana. WhatsApp itaiharibu ukiituma kama video; itume kama faili, tangu 2022 wanapokea hadi GB 2. Droni usirushe kienyeji, anza na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Ukifikia kuwa na chaneli ya kibiashara, soma kanuni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, za maudhui ya mtandaoni, toleo la sasa, kwani zile za 2018 zimeshabadilishwa zaidi ya mara moja. Usiingie majini karibu na mto Lufilyo unapomwaga, mamba hawajui kama uko kazini. Na ukiingia na GoPro, lamba kioo cha lenzi yake kisha kichovye: matone hayagandi, maji yanateleza. Wa baharini hufanya hivyo na kumeza chumvi, sisi tumebarikiwa maji yasiyo na chumvi.

Kuhusu hiyo ya Mwanjelwa: kabla ya kuuliza bei, fungua mlango wa betri uangalie mpira wake wa kuzuia maji. Ukiwa umepasuka au umekauka, mwachie mwenyewe, hata akikupa na chaji juu. Ukiwa mzima, chukua, kisha uni-PM. Mwera ukianza Mei nitakuwa nashuka Kyela kila Ijumaa, na kwenye Noah nafasi ya mtu mwenye ndoo haikosekani.