Mashine Ikilia Haijasema TB

SWALI: Shikamoo, mtaalamu. Nipo maabara ya hospitali ya kanda. Makohozi ya mgonjwa wetu yalitoka hasi kwa GeneXpert (kipimo cha vinasaba vya TB), lakini tyubu ya MGIT (ya kuoteshea vimelea, mashine hulia vikiota) imepiga chanya siku ya 5 na kwa hadubini tumeona AFB, bakteria vijiti wasiopoteza rangi kwa asidi. Daktari ameshamwanzishia dawa za TB. Tunataka kupeleka tyubu maabara ya rufaa vimelea vitambuliwe. Tukiifunga ndani ya glovu, tunaweza kumkabidhi dereva wa basi la asubuhi?

JIBU: Marahaba. Dereva na glovu yake nitawarudia. Kinachonikera ni hilo "ameshamwanzishia". Nalisikia kila mara: mashine ikilia, watu wanasikia TB.

Mashine haiijui TB. Inachojua ni kwamba ndani ya tyubu kuna kitu kinachokula oksijeni, basi. Na AFB ni ukoo mzima, wana ukoo zaidi ya 150, wengi wakazi wa udongo na maji, hata hayo ya bomba mnayosuuzia slaidi. Kwa ZN, ile rangi ya kuwapaka kwenye slaidi, wote ni wekundu. Sasa bakteria wa kifua kikuu ni mvivu, hujigawa mara moja kwa saa 20 hivi. Xpert isione kitu, halafu tyubu ijae kwa siku tano? Mimi ningemshuku mwanaukoo mwingine, au uchafu, kabla ya kutaja TB.

Irudieni ile slaidi. Vijiti vimejisokota kama kamba, kama TB ifanyavyo mara nyingi, au vimetapakaa kimoja kimoja? Kuna vya buluu katikati yake, yaani bakteria wasio AFB? Kisha tone moja kwenye aga ya damu, lishe ambayo uchafu huota upesi, nyuzi 37, hadi kesho. Kikiota kitu msikimbilie kutupa, kipakeni ZN, maana mycobacteria (ndio ukoo wenyewe wa AFB) wanaokua haraka nao huota humo baada ya siku chache. Kipimo cha MPT64, kinachotafuta protini ya bakteria wa TB kwenye vilivyoota, ni dakika 15 tu. Mkituletea mchanganyiko wa vimelea tunaanza kuusafisha upya, na mgonjwa anaongezewa wiki za kusubiri.

Kwenye fomu andikeni siku ya 5, Xpert hasi, dawa na tarehe alizoanza. Fomu nyingi zinazonifikia zimeandikwa "makohozi" na alama ya kuuliza. Chukueni na makohozi mengine: akiwa ni yule mwanaukoo mwingine, tyubu moja haitoshi kumtia hatiani, huhitajika angalau sampuli mbili tofauti. Daktari aambiwe leo. Dawa ataamua yeye, mgonjwa asiache mwenyewe.

Glovu, hapana. Kwa namba za kimataifa za mizigo ya hatari, makohozi husafiri kama UN3373, lakini vimelea vilivyooteshwa vinavyoshukiwa kuwa TB ni UN2814, kundi la hatari zaidi: tyubu ya kifuniko cha kuzungusha, chombo cha pili kisichovuja chenye pamba ya kufyonza, boksi gumu, na msafirishaji aliyefunzwa. Niliwahi kupokea tyubu ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kifuniko kilikuwa kimelegea, pamba imelowa, na kopo lilisafiri miguuni mwa abiria usiku kucha.

Ugonjwa huu wa njia ya mkato hauko maabara peke yake. Mitaani bado wapo wanaouza vipimo vya tone la damu vya kingamwili, eti TB inajulikana papo hapo. WHO ilishauri visitumike tangu 2011, kwa sababu hukosea pande zote mbili: mzima anameza dawa miezi sita, na mgonjwa anarudi nyumbani kuwakoholea watoto.