Kumpandisha Kezilahabi jukwaani

Mwalimu mmoja wa Mbeya ameniandikia akiuliza kama kikundi chake cha sanaa kinaweza kuigiza Nagona, riwaya ya Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa Tanzania. Kinaweza, Mwalimu. Inaniuma kusikia kwamba vitabu vyake ni vya vyuo vikuu tu.

Ila tangulieni na Kaptula la Marx, kazi yake nyingine, ambayo tayari ni tamthilia. Ilizunguka kama muswada kwa miaka mingi hadi ilipochapishwa 1999. Rais na mawaziri wake wanasafiri kwenda nchi ya Usawa, naye amevaa kaptula isiyomtosha. Kaptula hiyo ndiyo mchezo wenyewe. Mshonee kaki yenye kiuno cha sentimita 140 hivi, na ndani pitisha kamba ya usalama isiyoonekana. Aishikilie kwa mkono mmoja mwanzo hadi mwisho, hata anapohutubia. Ukimpa mkanda, kaptula inakaa vizuri na kejeli inakufa. Ikianguka, ukumbi utacheka ajali badala ya kumcheka mtawala.

Nagona (1990) ni kazi nyingine kabisa. Msimulizi ni "mimi", anayepita katika nchi ya ukiwa, anakutana na wanafikra waliokufa zamani, safari inaelekea kwenye ngoma kuu. Wengi humsimamisha pembeni na maikrofoni asome, na haichukui muda watazamaji wanaanza kutoka. Mgawe "mimi" kwa waigizaji watatu, wapokezane hata katikati ya sentensi, na mwenye zamu ashike fimbo. Bila fimbo watu watadhani ni wahusika watatu tofauti.

Kwa onyesho la saa moja, maneno 4,000 yanatosha, maana ukimya na ngoma hula theluthi ya muda. Kwa hiyo kateni bila huruma, lakini msifafanue. Mkiongeza mhusika wa kueleza maana ya kila fumbo, mmeandika mwongozo wa mtihani. Kezilahabi, aliyezua ubishi 1974 kwa mashairi huru, yasiyofuata vina na mizani, ya diwani yake Kichomi, hakuandika ili tumtafunie msomaji, nasi tusiwadharau wazazi wa Uyole au Tukuyu kwa kudhani hawawezi kukaa na fumbo.

Kwa ngoma kuu, ing'oma ya Wanyakyusa inafaa sana. Pangeni mabenchi duara, wapigaji wakae nyuma ya watazamaji, na maneno yote yaishe kabla ngoma haijalia, kwa sababu chini ya bati sauti ya mtu haishindani nayo. Mvua nayo ni hivyo hivyo: kuanzia Desemba hadi Aprili msitegemee ukumbi wa bati. Juni ni pakavu, ila anzeni saa tisa alasiri, jioni baridi itawaondoa watu.

Mwandishi alifariki 2020, na sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inalinda kazi zake miaka 50 baada ya kifo. Kugeuza riwaya kuwa mchezo kunahitaji idhini. Mwandikieni mchapishaji awaunganishe na warithi, mkitaja kazi, idadi ya maonyesho na kama kuna kiingilio. Barua itangulie mazoezi.